Saini kwa Ajili ya Mwili Usio Wangu

Mtu mzima mwenye akili timamu akikataa chanjo, dawa, au hata upasuaji ambao ungemwokoa, maadili ya tiba yanamwachia uamuzi wake. Daktari atamweleza, atamsihi, ataandika kwenye faili kwamba mgonjwa ameelezwa na amekataa, na hapo habari inakwisha. Hadaiwi sababu nzuri. Hadaiwi sababu yoyote. Lakini mtu huyohuyo akija kliniki amempakata mtoto wa miezi tisa, mambo hubadilika, kwa sababu mwili utakaochomwa sindano si wake, na mwili utakaougua surua sindano isipochomwa si wake vilevile. Nimefanya kazi ya uuguzi katika kliniki za watoto kwa muda wa kutosha kuona kwamba mabishano mengi kuhusu chanjo huanzia kwenye kulisahau jambo hili moja. Mzazi anayekataa hudai uhuru wake, mhudumu anayekasirika hudai elimu yake, na mwenye mwili, ambaye ndiye mhusika mkuu, amelala begani kwa mama akinyonya kidole.

Mamlaka ya mzazi nayaona kama ya mlezi aliyeachiwa shamba la yatima. Analilima atakavyo, anaamua kupanda nini na kuvuna lini, na jirani hana haki ya kumwingilia kwa kuwa tu yeye angepanda mbegu nyingine. Hata hivyo hawezi kuliweka rehani kwa sababu ya imani yake juu ya biashara fulani, maana yatima akikua atalitaka shamba lake. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema karibu jambo hilohilo mwaka 1944 katika kesi ya Prince dhidi ya Massachusetts, ambayo haikuhusu chanjo bali mlezi aliyemchukua mtoto kugawa machapisho ya dini barabarani. Wazazi, ilisema mahakama, wanaweza kuwa huru kuifia imani yao wenyewe, lakini haifuati kwamba wako huru kuwafanya watoto wao waifie kabla hawajafika umri wa kujiamulia.

Swali gumu ni wapi hasa uhuru wa mlezi unakoma. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataka maslahi bora ya mtoto yazingatiwe kwanza, na hakuna anayelipinga hilo kwa maneno. Lakini kama mzazi angelazimishwa kufanya lililo bora kabisa kila siku, hakuna mzazi ambaye angefaulu, nami nisingekuwa wa kwanza. Kwa hiyo wapo wanaoshikilia kipimo kingine: dola iingie kati pale tu uamuzi wa mzazi unapomweka mtoto katika hatari kubwa na ya karibu, ambayo ingeweza kuzuiwa. Mimi navitumia vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Maslahi bora huongoza mazungumzo yangu na mzazi. Hatari kubwa ndiyo inayoweza kuhalalisha nguvu.

Historia ya chanjo yenyewe ilianza kwa mtoto ambaye hakuna ushahidi kwamba aliulizwa chochote. Tarehe 14 Mei 1796 daktari Mwingereza Edward Jenner alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe kutoka mkononi mwa mwanamke mkamuaji maziwa na kumpandikiza James Phipps, mvulana wa miaka minane, mtoto wa mtunza bustani wake. Mwezi Julai akampandikiza ndui halisi ili aone kama kinga imeshika. Ilishika, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Faida ya tendo lile haipimiki, na bado najiuliza mtunza bustani angewezaje kumwambia hapana mtu anayemlipa mshahara. Linganisha na Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyefikishwa kwa Louis Pasteur mwezi Julai 1885 akiwa ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Mama yake alikuwa amemleta mwenyewe, na kifo kilikuwa nyuma yao. Chanjo ya kichaa cha mbwa aliyopewa na Pasteur haikuwa imethibitishwa kwa binadamu, lakini kungoja nako kulikuwa ni kucheza na uhai wake.

Chanjo za kawaida za utotoni, tukisema kweli, ziko karibu zaidi na Phipps kuliko Meister. Tunamchoma mtoto mzima wa afya, anayecheka, kwa ajili ya ugonjwa ambao huenda asiupate. Hapo ndipo hofu ya wazazi inapopata nguvu, wala si upumbavu. Dhara linalotoka mkononi mwako hukusuta kuliko lile uliloliacha litokee lenyewe. Hesabu iko wazi: hata mahali penye hospitali nzuri, surua huua mtoto 1 hadi 3 kati ya kila 1,000 wanaougua, na takribani 1 kati ya 1,000 huvimba ubongo, ilhali chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela huleta degedege la homa kwa takribani dozi 1 kati ya 3,000 hadi 4,000, na mzio mkali kwa takribani dozi 1 kati ya milioni. Degedege la homa hutisha mno kulitazama, lakini kwa kawaida hupita bila kuacha alama. Kutochanja ni uamuzi, na mwenye kuufanya anawajibika kwao sawasawa na mwenye kuchanja. Lakini mzazi halei takwimu. Analea mtoto mmoja, na kwake huyo ni mia kwa mia.

Namkumbuka mama mmoja aliyekuja na mtoto wake wa pili. Kadi ya mtoto wa kwanza alikuwa ameihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, akaitoa na kunionyesha kwa kidole tarehe ya chanjo ambayo usiku wake mtoto alipata degedege. Alipomrudisha alikochanjiwa, aliambiwa ni jambo la kawaida, aende nyumbani, na hakuna aliyeandika kitu. Nilimweleza nilichokijua: kwamba homa baada ya chanjo ile hutarajiwa, kwamba degedege la kwanza halikuwa dalili ya kifafa, na kwamba mdogo mtu naye anaweza kulipata kwa homa yoyote, hata ya mafua. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Sawa, nesi. Sasa usiku likirudi, nampigia nani?" Hakuwa na shaka na sayansi. Alitaka kujua nani atabaki naye baada ya sindano. Tulimwandikia namba ya simu ya zamu ya usiku nyuma ya kadi, tukaandika historia ya kaka yake kwenye faili, tukamwonyesha namna ya kumlaza mtoto ubavu. Akakubali. Nimesoma makala nyingi kuhusu namna ya kuwashawishi wazazi, na nyingi hazimfikii mama yule, kwa sababu zinadhani shida yake ni kutojua.

Tunakosea pia tunapozitetea chanjo zote kwa hoja moja, kwamba zinalinda jamii. Pepopunda haienezwi na mtu kwa mtu. Vijidudu vyake vimo udongoni, na hata watu wote wanaomzunguka mtoto wakichanjwa, yeye asiyechanjwa hana ngao. Mwaka 2017 huko Oregon, Marekani, mvulana wa miaka sita ambaye hakuwa amechanjwa alijikata paji la uso akicheza shambani, akapata pepopunda, akakaa hospitali siku 57, nyingi kati ya hizo akiwa kwenye mashine ya kupumulia ndani ya chumba chenye giza, kwa kuwa mwanga na kelele viliuchochea mwili wake ukakamae. Alipopona, madaktari waliwaeleza wazazi kwamba ugonjwa ule hauachi kinga, kwa hiyo bado anahitaji dozi zilizobaki. Walikataa. Hapa hakuna jirani wa kumtaja. Hoja ni ya mtoto mwenyewe tu.

Surua ni kinyume chake. Mgonjwa mmoja katika kundi lisilo na kinga huweza kuambukiza watu 12 hadi 18, na ndiyo maana karibu asilimia 95 ya watu wanapaswa kuwa na kinga ili ugonjwa usipate njia. Ndani ya ile asilimia iliyobaki ndimo walimo wasio na la kufanya: kichanga ambaye umri wake wa kuchanjwa haujafika, na mtoto mwenye saratani ya damu ambaye dawa zake zimeshusha kinga kiasi kwamba chanjo ya virusi hai ingemdhuru. Mama wa mtoto huyo wa pili hapewi karatasi yoyote ya kutia saini. Uamuzi kuhusu mwanawe unafanywa na wazazi wengine, wasiomjua, kila mmoja akidhani anaamua kuhusu nyumba yake.

Rubela ndiyo inayonisumbua zaidi, na sioni ikizungumzwa inavyostahili. Kwa mtoto ni vipele na homa ndogo, siku chache basi. Kwa mjamzito katika majuma ya mwanzo ya mimba, virusi vinampata aliye tumboni, na mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, na mtoto wa jicho, na kasoro ya moyo. Mlipuko wa mwaka 1964 na 1965 nchini Marekani uliacha takribani vichanga 20,000 wakiwa na madhara hayo. Uingereza ilianza mwaka 1970 kwa kuwachanja wasichana tu, kwa mantiki kwamba wao ndio watakaobeba mimba, lakini virusi viliendelea kuzunguka kwa wavulana na watoto wadogo. Mwaka 1988 ikaingiza chanjo ya pamoja kwa watoto wote. Kwa hiyo mvulana wa mwaka mmoja anachomwa, kwa sehemu kubwa, kwa ajili ya mimba ya mwanamke asiyemjua. Je, ni haki kuutumia mwili wa asiyeweza kukubali kwa faida ya mwingine?

Jibu langu ni ndiyo, kwa masharti. Hatari kwake iwe ndogo kweli, si ndogo kwa maneno. Naye awe ananufaika na utaratibu uleule, kama huyu mvulana aliyekaa tumboni salama kwa sababu watoto wa kabla yake walichanjwa. Na mzazi aambiwe ukweli. Nimewasikia wahudumu wakimwambia mzazi kwamba rubela ni hatari kwa mwanawe, kwa kuwa kueleza yaliyobaki ni kirefu. Nadhani wazazi wengi wangekubali hata wakielezwa yote, na wale ambao wasingekubali wana haki ya kujua wanachokikataa.

Kuhusu sheria za kulazimisha sitakawia. Mwaka 1905, katika kesi ya Jacobson dhidi ya Massachusetts, Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu mji kumtoza mtu mzima faini ya dola 5 kwa kukataa chanjo ya ndui, lakini ikaonya kwamba sheria isitumike kwa mtu ambaye afya yake ingedhurika na chanjo hiyo. Tarehe 8 Aprili 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kuhusu Jamhuri ya Cheki kwamba faini kwa mzazi na kumnyima mtoto asiyechanjwa nafasi katika shule ya awali havikuvunja Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Na ilizingatia kwamba hakuna mtoto aliyechanjwa kwa nguvu. Mstari huo naukubali, ingawa unaniuma kwamba anayefungiwa mlango wa shule ni mtoto ambaye kosa si lake. Kuvuka mstari huo, yaani kuchanja bila idhini ya mzazi, ningekuruhusu kwa mambo machache tu ya dharura, kama mtoto aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, au kichanga wa mama mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, ambaye akiambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takribani asilimia 90 wa kubaki na ugonjwa sugu, na ambaye dozi yake ya kwanza inatakiwa ndani ya saa 24.

Anayedai utii naye anadaiwa. Mwezi Aprili 1955, chanjo ya polio iliyotengenezwa na maabara ya Cutter nchini Marekani ilitoka ikiwa na virusi ambavyo havikuuawa; watoto wengi walipooza na watu 10 wakafa. Mwaka 2016 Ufilipino ilianza kuwachanja watoto wa shule dhidi ya homa ya dengi, wakafika zaidi ya 800,000, na mwezi Novemba 2017 mtengenezaji akatangaza kwamba kwa mtoto ambaye hajawahi kupata dengi, chanjo hiyo inaweza kuufanya ugonjwa uwe mkali zaidi atakapoupata. Hofu iliyofuata haikuchagua chanjo. Imani ya wazazi ilianguka hata kwa zile zilizojaribiwa kwa miongo mingi, na surua ilipolipuka huko mwaka 2019 iliua mamia ya watu. Nayataja haya kwa sababu wanaoeneza uongo, kama ule wa mwaka 1998 kwamba chanjo ya surua huleta usonji, uliochapishwa kwa kutegemea watoto 12 na kufutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, hustawi pale wakweli walipokaa kimya kuhusu makosa ya kweli. Na kama mtoto mmoja kati ya wengi sana ataumia kwa jambo tulilomwomba alifanye kwa ajili ya wote, gharama yake haiwezi kuachwa kwa mama yake. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria ya fidia mwaka 1961, Uingereza mwaka 1979, Marekani mwaka 1986. Nchi inayolazimisha chanjo bila kuwa na mfuko wa aina hiyo sijui inasimama kwenye uadilifu gani.

Kuna jambo linalofanya hata ukweli usitoshe. Kwa muda wa karibu miaka kumi na mitano kuanzia mwaka 1956, katika taasisi ya Willowbrook jijini New York iliyowahifadhi watoto wenye ulemavu wa akili, watafiti wakiongozwa na Dokta Saul Krugman waliwaambukiza makusudi baadhi ya watoto virusi vya homa ya ini vilivyotokana na kinyesi cha wagonjwa. Wazazi walitia saini. Watetezi walisema watoto wale wangeambukizwa tu, kwa kuwa homa ya ini ilikuwa imeenea humo, na ni kweli ilikuwa imeenea, kwa sababu watu walijazwa kupita uwezo wa jengo na usafi haukuwepo. Mwishoni mwa mwaka 1964 mapokezi yalifungwa kwa msongamano, lakini nafasi katika wodi ya utafiti zikawa bado zipo. Mzazi aliyekwisha kuchoka, asiye na mahali pengine pa kumpeleka mwanawe, alioneshwa mlango mmoja ulio wazi. Utafiti ulizaa elimu ya kweli. Ulisaidia kutofautisha aina mbili za homa ya ini na kufungua njia ya chanjo. Henry Beecher, daktari wa Marekani, aliutaja mwaka 1966 miongoni mwa mifano 22 ya tafiti zilizokiuka maadili. Kila nikiisoma habari ile narudi kwenye hoja ya kwamba wangeambukizwa tu. Aliyeshindwa kuleta maji safi na vitanda vya kutosha aliutumia uchafu uleule kama ruhusa.

Hoja ya namna hiyo haikufa na Willowbrook. Hujitokeza popote mgonjwa asipoweza kujisemea: mzee aliyepoteza kumbukumbu, mtu aliye katika koma, mtu mzima mwenye ulemavu wa akili. Kwao, tofauti na mtoto, mara nyingi kuna mtu aliyekuwepo kabla, mwenye tabia na misimamo, na ni lazima tumtafute huyo. Mwezi Januari 2021 mahakama moja ya Uingereza iliamua kuhusu bibi wa miaka 80 mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu aliyeishi katika nyumba ya wazee. Mwanawe wa kiume alipinga mama yake kuchanjwa dhidi ya korona kwa sababu ya mashaka yake mwenyewe. Jaji aliangalia kwamba bibi huyo, alipokuwa na uwezo wa kuamua, alikuwa amekubali chanjo za mafua, na kwamba hata sasa alipoulizwa na daktari alisema anataka lililo bora kwake. Akaamuru achanjwe. Mashaka ya mwana yalikuwa ya kweli, lakini yalikuwa yake. Kama bibi angekuwa mtu aliyekataa sindano maisha yake yote, kwa mimi uamuzi ungekuwa mgumu zaidi, na huenda ungepaswa kuwa tofauti.

Mtoto naye hakui kwa siku moja. Mwaka 1985 majaji wa juu wa Uingereza, katika kesi ya Gillick, walikubali kwamba aliye chini ya miaka 16 anaweza kuidhinisha matibabu mwenyewe akiwa na ufahamu wa kutosha kuhusu jambo lenyewe. Kipimo hicho nakipenda kwa kuwa kinamtazama mtoto aliye mbele yako na kuiacha tarehe yake ya kuzaliwa pembeni. Msichana wa miaka kumi na minne anayeuliza kwa nini chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi hutolewa kabla ya kuanza ngono ameuliza swali kamili, na anastahili jibu kamili, mama yake akiwepo au akitoka nje kidogo. Kwa wadogo zaidi tunataka mtoto akubali tu, hatumdai idhini, na kukubali huko tunakupata kwa uongo. "Haiumi," mtoto wa miaka minne anaambiwa na mzazi, muuguzi na shangazi aliyewasindikiza, kisha inauma, na amejifunza jambo kuhusu sisi watatu. Mimi huwaambia itauma kidogo, kwa muda wa kuhesabu hadi tano, nao wachague mkono. Huo ni uamuzi mdogo, lakini ni wao kweli. Anayepigana kabisa, ikiwa chanjo yenyewe inaweza kungoja wiki moja, napendelea kumpangia siku nyingine kuliko kumkamata kwa watu watatu, hata foleni ikinung'unika. Ikiwa ni ya kichaa cha mbwa tutamshika, na nitamweleza kwa nini tunamshika hukuhuku tukimshika.